Kliniki ya Miguu ya Watu Wazima Wasiokuwepo

(Imenakiliwa neno kwa neno na karani wa rejista ya wagonjwa, aliyeazimwa kwa shughuli hii. Uwanja wa hospitali, Ijumaa asubuhi. Mgeni rasmi anapanda jukwaani, anagonga kipaza sauti mara tatu, kisha anakipuliza.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa aliyepata udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wa huyo Mwakilishi ambaye yuko njiani tangu jana, Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mwenyekiti wa Kamati ya Kusimamia Kamati ya Maandalizi, Mganga Mkuu na jopo lako zima, wadau wa maendeleo, wanahabari mliojisogeza karibu na maji ya kunywa, mke wangu mpenzi, shemeji yangu ambaye kwa bahati tu ndiye mkandarasi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa ichukuliwe kwamba imezingatiwa. Pamoja nanyi wagonjwa mlio kule juani, ambao nawaona vizuri kabisa, msidhani siwaoni, ni hii miwani tu. (Makofi. Yameanzishwa na dereva wake.)

Naomba kabla ya yote tusimame dakika moja tujipongeze. (Waheshimiwa wanasimama. Wagonjwa wamesimama tangu saa mbili, kwa hiyo hawana la kuongeza.) Ahsanteni, tukae. Wale ambao hamna viti, kaeni kimoyomoyo.

Ndugu zangu, kama mnavyofahamu, na kama hamfahamu mimi ndiye niliyetumwa kuwafahamisha, selimundu ni ugonjwa ambao chembe za damu, badala ya kuwa duara kama chembe za raia mwema, zinajipinda kama mundu na kukwama njiani, na damu isipofika vizuri kwenye kifundo cha mguu ngozi inachimbika, kidonda kinakaa mwaka, kinakaa mitano, kinafunga leo kesho kutwa kimefumuka, ndicho wazee wetu walichokiita donda ndugu. Nami nikasimama kikaoni, nikapiga meza hadi chai ikamwagika, nikasema kama ni ndugu basi ndugu hatupwi! (Vicheko, viti vya mbele.) Hapo ndipo ulipozaliwa Mpango Mkakati Jumuishi na Endelevu wa Miguu ya Watu Wazima, kwa kifupi MMAJEMIWAWA, mpango wenye rodimapu, wenye taimlaini, wenye indiketa arobaini na mbili, na wenye fulana, ambazo tayari tumevaa.

Na hatukulala. Tulifanya warsha saba, tukafanya warsha ya nane ya kutathmini zile saba, tukaunda kikosi kazi kilichosafiri hadi nchi za baridi kujifunza wenzetu wanaitunzaje miguu yao, na baada ya siku kumi na nne za utafiti wa kina kikarudi na ripoti yenye kurasa mia mbili inayosema wanavaa soksi. (Mzee mmoja kwenye foleni: "Soksi juu ya kidonda?" Anaombwa atulie.)

Sasa tuje kwenye takwimu, maana mimi ni mtu wa data, hata nyumbani watoto wangu nawajua kwa asilimia. Watu wazima wenye selimundu na vidonda vya miguu waliosajiliwa hospitali hii ni sifuri. (Minong'ono.) Msinong'one, sifuri nayo ni namba. Fomu yetu, sehemu ya umri, inaishia miaka kumi na minane, kwa sababu ilitungwa na wataalamu waliokuwa na uhakika kwamba hawa watoto hawavuki hapo, wakaona ya nini kupoteza karatasi. Kwa hiyo wewe uliyefika thelathini na una kidonda, kiofisi, na ninalisema hili kwa upendo, hupo. Na kwa kuwa hakuna aliyepo, hakuna aliyelalamika, na kwa kuwa hakuna aliyelalamika, kiwango cha kuridhika na huduma ni asilimia mia moja! (Makofi ya dereva. Sauti ya mwanamke kutoka kwenye foleni: "Nipo, mheshimiwa!")

Nani huyo? Aa, kumbe ni fundi wetu wa cherehani, huyu ndiye aliyeshona pazia hili zuri mnaloliona hapa nyuma yangu, linalofunika jengo letu jipya la ghorofa mbili! Pita mbele mama, pita, usione haya, wewe ndiye mgonjwa wetu wa mfano. (Fundi anakuja taratibu. Mguu wa kulia umefungwa kipande cha shuka. Waheshimiwa wawili wanajifunika pua kwa karatasi za ratiba.) Nina faili lake hapa. Sikilizeni maajabu. Mwaka huu, umri: miaka kumi na minane. Mwaka jana: kumi na minane. Mwaka juzi: kumi na minane. Miaka ishirini na mitatu mfululizo huyu mama ana miaka kumi na minane! Huduma zetu zinarudisha ujana! Hebu waambie, mama, siri ni nini?

(Fundi: "Siri ni karani huyo anayeandika hapo. Mimi nina arobaini na moja. Kidonda peke yake kina miaka tisa." Karani anaandika.)

Miaka tisa! Apigiwe makofi! (Hayapigwi, hata na dereva.)

(Fundi: "Mheshimiwa, mimi sikuja kwenye sherehe. Nimekuja kuoshwa kidonda. Chumba cha vidonda kimefungwa tangu Jumatatu, leo siku ya tano. Daktari kaniambia kikioza tena mguu unakatwa, na huu ndio mguu ninaopigia pedali. Watoto wanakula kwa mguu huu.")

Nimekusikia, na ukweli usemwe, chumba kile kimefungwa kwa faida yako mwenyewe, kwa sababu waheshimiwa wanakunywa chai mle, na mheshimiwa asiyekunywa chai hawezi kukutetea. Wewe vuta subira, subira yavuta heri, na isitoshe nakutazama hapa naona unapendeza, umesimama wima, umepona kabisa!

(Fundi: "Mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi hata kovu sijalifikia. Halafu nikuulize: pazia hili nimelishona mwenyewe, upana wake hatua nne. Ghorofa mbili imeingiaje?" Vicheko, foleni nzima.)

Maswali ya kitaalamu yatajibiwa kwa maandishi. Nawaahidi, ndani ya robo ijayo ya mwaka, au robo yoyote itakayopatikana, kila kifundo cha mguu kitafikiwa kidijitali, kila kidonda kitapewa namba yake, na hakuna mgonjwa atakayeachwa nyuma isipokuwa wale walio nyuma. Sasa tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema miguu, semeni mbele. Miguu! (Waheshimiwa: "Mbele!") Nikisema watu wazima, semeni tupo. Watu wazima! (Foleni, kwa sauti moja: "Hatupo!") Haikutoka vizuri. Basi, tuendelee.

Kwa hayo machache, nashukuru kamati zote. Namshukuru shemeji yangu kwa uvumilivu, maana kuwa mkandarasi bila kujenga kunachosha kuliko kujenga. Namshukuru kwa namna ya pekee mchoraji wa mabango, aliyelichora jengo hili juu ya turubai kwa siku mbili tu, hadi madirisha unaweza kudhani yamefunguliwa. Namshukuru dereva wa lori, ambaye saa kumi atalikunja na kulipeleka wilaya jirani, ambako kesho nitalizindua kwa mara ya sita. Na kipekee kabisa namshukuru Sista wa chumba cha vidonda, ambaye tulipogundua tumesahau utepe alitupatia, baada ya kubembelezwa na baadaye kuandikiwa barua, bendeji yake ya mwisho, ndiyo hii nyeupe tuliyoifunga hapa kati ya nguzo mbili. Mkasi, tafadhali.

(Mkasi haupo. Fundi anatoa wake kwenye mkoba, ule mkubwa wa kukatia vitambaa. Mgeni rasmi ananyoosha mkono kuupokea. Fundi anampita. Anakata bendeji upande wa kushoto, anakata upande wa kulia, anaizungusha mkononi isiguse chini. Sista anatoka kwenye foleni na chupa ya maji ya chumvi, vipande vya shashi mfukoni.)

Mama, samahani, utepe hukatwa na mgeni rasmi! Mama! Jamani, hicho ni kiti changu! Wanahabari, msipige picha huko, pigeni huku, huku kwenye jengo! (Wanahabari wamegeuka wote. Fundi amekaa kwenye kiti cha mgeni rasmi, mguu juu ya mto mwekundu uliotengwa kwa ajili ya mkasi. Sista anafungua kipande cha shuka polepole, akiloweka pale kiliponata. Fundi anauma ncha ya mtandio. Foleni imejipanga upya nyuma ya kiti hicho.) Basi... basi natamka kwamba kliniki hii imefunguliwa rasmi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Ni kweli, imefunguliwa. Mgonjwa wa kwanza: fundi wa cherehani, mwanamke. Umri: nimefuta kumi na minane, nimeandika arobaini na moja nje ya mstari, kwa sababu ndani ya fomu hapana nafasi. Karani. Anayefuata apite.)