Daftari la Mshauri

Tai Nyekundu alisimama kaunta siku ya nne mfululizo akidai kifurushi chake, akapewa majibu matatu tofauti, na hapo ndipo akili yake ilipochangamka.

"Kompyuta imegoma," alisema mpokea simu wa kampuni ile ya vifurushi, mama ambaye kila mtu alimwita Shangazi.

"Haijagoma, imebadilishwa," Fundi Miwani alijibu kutoka chumba cha mitambo, bila kumtazama.

"Ingebadilishwa ningetoa kifaa," Mzee wa Stoo alinguruma kwenye kidirisha chake. "Mimi sijatoa kitu."

Watatu hawa walikuwa hawasemezani tangu mtu asiyejulikana aunguze birika la umeme. Malalamiko yalikaa kwa Shangazi, marekebisho kwa Fundi, vifaa kwa Mzee, na vifurushi vya watu vilikaa popote vilipojisikia. Mtu mwingine angesikitika. Tai Nyekundu, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya tai aliyoivaa katika kila utapeli, na ambaye ujuzi wake wa kompyuta uliishia kwenye kuiwasha, alipanda ngazi moja kwa moja hadi kwa Mkurugenzi.

"Mimi ni mshauri wa huduma za mitambo," alijitambulisha. "Bosi, una watu watatu wanaofanya kazi ya nusu mtu."

Macho ya Mkurugenzi yaling'aa. Alikuwa mpenzi wa kupunguza. Alishapunguza taa, viti, hata salamu. "Nionyeshe kwamba unaweza peke yako, Ijumaa nasaini mkataba wa mwaka mzima. Wao waende nyumbani."

Mbinu ilikuwa rahisi kama kumenya ndizi. Kuanzia Jumatatu, kila siku saa nne asubuhi aliazima kwa Mzee ufunguo wa kabati la nyaya, eti akague vumbi, akachomoa waya mmoja. Mitambo ikazima, simu za Shangazi zikalia, Fundi akatoka jasho. Kisha mshauri akaja, akakunja mikono ya shati, akafumba macho kidogo, akaurudisha waya. Makofi!

Lakini Jumatatu hiyo hiyo, saa mbili asubuhi, Mkurugenzi alikuwa ametaka kitu cha kuwaonyesha wamiliki. Tai Nyekundu akatafuta daftari kubwa na kubuni palepale Mnyororo wa Thamani: wote watatu meza moja, daftari moja. Kila lalamiko liandikwe, kila marekebisho, kila kifaa na kila ufunguo unaotoka stoo, kwa saa na sahihi. Mteja aulizwe kama ameridhika. Mzigo uliopotea ukapatikana, ufunguliwe mbele ya mwenyewe aukague.

"Huduma ni mwili mmoja," alihubiri kwa sauti ya mazishi. Hakuamini hata neno moja.

Tabu ni kwamba yalikuwa kweli. Siku ya pili tu Shangazi aliinua kichwa kutoka daftarini. "We Miwani! Watu kumi na mmoja wanalalamika, na wote mizigo yao imepita kwenye mzani uleule."

"Mbona hukusema siku zote?"

"Si ulikuwa umeninunia?"

"Mzee, mkanda wa mzani ule unao?"

"Ninao tangu mwaka juzi. Nani aliniomba?"

Kufikia Jumatano vifurushi vilikuwa vinatoka. Bibi mmoja alipokea miwani yake aliyoingoja miezi miwili, akaivaa, akaanza kumsifu kila mtu sura. Tai Nyekundu alihisi kitu kitamu kifuani. Akadhani ni njaa.

Ijumaa saa nne alichomoa waya wake, akapanda ngazi. Kalamu ya Mkurugenzi ilikuwa wazi.

"Bosi, kabla hujasaini, nahisi mitambo inataka kuzima."

Wakangoja. Huko chini mashine za kuchapa ziliendelea kuimba.

"Bado kidogo," alisema, akilegeza tai.

Mlango ulifunguka. Waliingia watatu kwa pamoja, Shangazi amekumbatia daftari. "Bosi, sikiliza. Jumatatu saa nne, ufunguo kwa mshauri, sahihi hii hapa. Saa nne na dakika tano, simu thelathini. Saa nne na robo, waya umekutwa umechomoka. Jumanne vilevile. Jumatano. Jana. Peke yangu ningeziona simu tu."

"Na mimi waya tu," alisema Fundi.

"Na mimi ufunguo," alisema Mzee. "Jana jioni nikatoa waya mpya, huyu Miwani akaupitisha kwingine. Aliouchomoa leo haujaungwa na kitu."

Tai Nyekundu aliangua kicheko chake bora kabisa. "Hongereni! Lilikuwa jaribio, na mmefaulu!"

Kalamu ya Mkurugenzi, iliyotamani sana kuamini, ilibaki hewani.

"Na kifurushi chako kimepatikana, mwanangu," Shangazi alisema kwa upole. "Kilikuwa nyuma ya mzani. Tukifungue, ndio utaratibu wako."

"Jamani, si lazima..."

Kisu cha Mzee kilikuwa kimeshapita. Ndani mlikuwa na vyeti kumi na viwili vya ushauri wa mitambo, vyenye ukingo wa dhahabu na nafasi ya jina ikiwa tupu, pamoja na mhuri wa kuvigongea.

Mkurugenzi alifunika kalamu, akachana mkataba, akamwita mlinzi.

"Weka sahihi kwamba umepokea," Shangazi alisogeza daftari. "Haya, na huduma? Umeridhika?"

Aliwatazama wale watatu waliobanana bega kwa bega juu ya ukurasa mmoja. Alitafuta uongo mdomoni, akaukosa.

"Nimeridhika mno," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akaandika jina lake halisi.