Shimo la Bibi Klara

Antipasi aliingia Itigi enzi za Mwingereza akiwa na kaptura ya kaki, njaa ya siku mbili, na akili ambayo mwenyewe aliiona kubwa kuliko kichwa chake. Kule Shelui alikuwa ameuza majivu kwa jina la dawa ya panya, na wateja walishajua kaelekea wapi. Asipopanda treni ya mchana huo watamkamata, na nauli hana.

Nyuma ya stesheni akaona michungwa ya Bibi Klara, imezaa hadi matawi yanainama. Chini yalilala machungwa yaliyooza, yamejaa funza wa nondo, yule kipepeo mdogo wa kijivu anayetaga mayai kwenye maganda. Antipasi akajisikia mtu mwenye bahati, jambo ambalo humponza kila mara.

"Shikamoo, bibi. Mimi Bwana Shamba. Serikali inataka machungwa yenye nondo, nikayateketeze."

"Marahaba, mwanangu. Hata haya mazima ya mtini?"

"Hayo ndiyo hatari zaidi. Funza kajificha ndani." Hayo ndiyo aliyopanga kuwauzia abiria.

Bibi Klara akaguna. "Haya, nitayachuma. Ila amri inasema yaliyooza yafukiwe kwanza, shimo la futi tatu. Jembe lile pale."

Bwana Shamba gani angekataa amri ya serikali yake? Antipasi akachimba. Ardhi ilikuwa kavu, viganja vikatoka malengelenge, naye akaendelea kujisifu moyoni kwa ujanja wake. Alipoinua kichwa, treni ilikuwa inaondoka, na bibi alikuwa anarudi kutoka stesheni na kapu tupu.

"Machungwa yako wapi, bibi?"

"Abiria wamenunua yote." Akalitazama shimo, furaha imemjaa usoni. "Bwana Shamba alikuja wiki jana. Akasema ikifika leo sijachimba, nitapigwa faini. Kwa kiuno changu hiki, nilikuwa silali. Yule huonyesha kwa fimbo tu, mwanangu, jembe hashiki."

Antipasi akacheka mpaka mbavu zikamuuma, maana kulia kungemwaibisha zaidi.

"Halafu pale stesheni kuna watu wa Shelui," bibi akaendelea, "wanamuulizia mwuza dawa ya panya mwenye kaptura ya kaki. Nimewaambia kwangu yupo Bwana Shamba tu, anachimba." Akanyoosha kidole kwenye nyumba ya pili. "Jirani yangu Theodora naye ana amri ya shimo."

Antipasi akaliokota jembe.