Kukaa Tu Kando ya Isiukhu

Jumatatu, 6 Julai 1964

Daktari amesema ini limekwisha. Krismasi huenda nisiione. Nimemshukuru kwa Kiingereza safi, nikatoka nikisahau kofia. Jescah hajui. Miaka yote nimefundisha watoto kusema kwa sauti, leo sauti yenyewe haitoki. Nilimkuta akipalilia. Habari kama hii haambiwi mke aliyeinama!

Jioni nimeitazama picha ya ukutani. Ilichapwa kwa jiwe, kama walivyochapa picha zamani, huko Paris karne iliyopita. Mzungu niliyemfundishia watoto huko Lugari aliniachia alipouza shamba na kugawa vitu vyake. (Jirani yangu Shitanda alichagua plau. Hunicheka mpaka leo.) Wafaransa wamejilaza kando ya mto. Mashua imefungwa. Mama mmoja amefungua mwavuli na mvua hakuna. Hakuna aliyeshika jembe! Mahali kama pale mtu anaweza kuambiwa lolote.

Nimepata mpango.

Jumatano, 8 Julai

Nimemwomba Jescah twende mto Isiukhu tukakae. Akauliza kukaa kufanya nini. Kukaa tu, nikasema. Akaniuliza, Baba Erastus, leo umekula nini? Nikambembeleza. Akaja na mtungi, nguo chafu na sufuria za kusugua. Nilipofungua mdomo alikuwa majini hadi magotini, akilipiga shuka langu kwenye jiwe. Kelele! Nimerudi na habari yangu tumboni.

Ijumaa, 10 Julai

Nimeficha mtungi. Sabuni pia. Tumeketi nyasini, mimi na suti, yeye na mwavuli wa kanisani. Picha yenyewe! Nikamshika mkono. Nikakohoa.

Akapita Musimbi, mwuza mboga. Akaona wazee wawili kimya kando ya mto uliofurika, hawachoti, hawafui. Hapa kwetu watu hukaa hivyo kwa sababu moja: wanangoja maji yamrudishe aliyezama. Hakuuliza. Akaweka mikono kichwani, akapiga nduru.

Wakaja! Wenye kamba, wenye kuku wa matanga. Shitanda akaingia majini na nguo zake, akitafuta kwa mti mrefu, akilia ni mtoto gani jamani, mtoto gani. Niliposema tulikuwa tunapumzika, alinitazama maji yakimchuruzika. Kupumzika, Mwalimu? Na mimi nimeacha ng'ombe kwenye mahindi ya watu?

Kuku wakarudishwa makwao. Kilichonichoma ni kwamba Shitanda alikuwa amelia kweli.

Jumapili, 12 Julai

Siku imepotea bure. Mvua tangu kanisani, mtoni hakufikiki. Jescah akanisogezea kigoda jikoni, tukaambua maharagwe, magoti yakigusana. Akaanza kumtaja Erastus wetu, aliyekwenda kupigana na Wajapani vita vya Bama akabaki huko. Hakuwa amemtaja tangu ile telegramu ya kifo chake. Jinsi alivyokuwa akiiba maharagwe mabichi na kukana huku mashavu yamejaa. Akacheka. Akalia kidogo. Akaendelea kuambua.

Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza daktari alisema nini hasa, maana suruali zangu siku hizi nazifunga kwa kamba.

Lakini jikoni? Na moshi huu, na maganda mapajani? Nikasema ni gesi. Akaniangalia. Akashika mkono wangu, akaukunjua, akaujaza maharagwe mengine.

Mvua ikikatika twende mtoni alfajiri, kabla Musimbi hajaamka. Nikipata tu nafasi ya kukaa naye, nitamwambia.