Kanuni ya Tisa ya Kurejesha Baridi

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ya Urithi wa Maji iliwatangazia wakazi wote wa Johannesburg kwamba baridi ya Bafu la Kale la Kensington, iliyodumu tangu mwaka 1906, sasa ni mali ya umma, na kwamba yeyote atakayeondoka nayo mwilini bila kibali atahesabiwa kuwa amepora urithi wa taifa.

Hedwiga, msimamizi wa bafu, alilisoma tangazo mara mbili, akalibandika getini. Alikuwa mtu wa sheria. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akilifungua bafu lile saa kumi na mbili asubuhi, pale mitaa inapokoma na nyika ya nyasi kuanza kupanda kuelekea kilima cha mawe. Alikuja nchini kutoka Morogoro na mumewe, mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyerudi kwao, mtaa wa Alexandra. Mume alipofariki, bafu ndilo lililobaki kumtoa kitandani. Maji yake hutoka chini ya mwamba, na mwezi wa Juni, kipupwe kikikaza, hata chura huyaingia kwa shingo upande.

Kanuni ya Tisa ilikuwa rahisi. Mwogaji hupimwa joto akiingia, na hupimwa tena akitoka. Likipungua, basi upungufu huo ni baridi ya jiji, na ataketi kwenye Benchi la Marejesho mpaka airudishe yote. Blanketi ni marufuku, chai pia, kwa kuwa vitu hivyo huiangamiza baridi badala ya kuirejesha. Jua linaruhusiwa, maana nalo ni la kale, ila benchi lilikuwa limejengwa kivulini. Mwenye haraka aombe kibali chenye sahihi ya Mkurugenzi wa Idara, aliyoitia kwa mkono wake, inayofanana na ile ya kwenye kitambulisho chake.

"Mama Hedwiga," aliuliza Mchungaji Hénock, fundi cherehani kutoka Bukavu, ambaye kila Jumamosi alileta waumini wake kutoka Rosettenville kubatizwa, "bo banasema baridi ni ya serikali?"

"Yote, Mchungaji."

"Na mutu akishabatizwa, anaenda kukaa kwa benchi?"

"Dakika hamsini. Akiwa mwembamba, saa nzima."

"Eish! Hata Yordani haikukuwa na benchi."

Watu wakaacha kuja. Idara ikajipongeza kwa barua: uporaji wa baridi umepungua kwa asilimia tisini. Wiki iliyofuata ikaandika nyingine: kwa kuwa bafu limekosa waogaji, litafungwa Jumamosi ya mwisho ya Juni.

Hedwiga alilia siku hiyo, tena kwa sauti. Kisha akafuta uso, akaandika ombi la kuifuta Kanuni ya Tisa, akawapigia simu waogaji wake wa zamani. Walikuja arobaini na mmoja. Kwa kuwa walikuwa wamelikumbuka bafu, waliingia majini kwanza, wakatia sahihi walipotoka. Benchini walikaa mpaka jioni.

Jibu lilifika upesi. Sahihi zote arobaini na moja zinatetemeka, wala hazifanani na za kwenye vitambulisho. Kwa mujibu wa taratibu, anayetetemeka ni mtu asiyeweza kusaini, hivyo aweke dole gumba mbele ya Mkurugenzi mwenyewe. Bibi Kudra, ambaye magoti yake hayakujua dawa nyingine ila maji yale, alipanda ofisini mara sita. Mara zote sita Mkurugenzi alikuwa mkutanoni.

Jumamosi ya mwisho Mkurugenzi alikuja. Aliitwa Octavian, naye alizaliwa Morogoro kwa mama Mtanzania, lakini tangu apewe gari la ofisi shikamoo ilikuwa imempotea.

"Vipi, mama," alimwambia Hedwiga, mkono mfukoni. "Nimekuja kuwa mwogaji wa mwisho. Kihistoria."

Wapiga picha wakajipanga. Wale arobaini na mmoja, waliokuja kuaga, wakasogea pembeni kwa adabu. Mkurugenzi alipimwa joto kama kila mwogaji, akajitosa. Alikuwa amepanga kukaa dakika moja, akakaa sekunde nane, na sita kati ya hizo alikuwa akitafuta ngazi.

Hedwiga alimngoja juu na kipimajoto.

"Thelathini na tano nukta moja, Mheshimiwa. Una digrii moja na nusu ya jiji."

"Blanketi!"

"Kanuni ya Tisa, kifungu cha pili."

"Nimeiandika mimi!"

"Umeiandika vizuri sana, Mheshimiwa. Keti."

Wasaidizi wake walitazama kamera, kisha wakatazama viatu vyao. Hakuna aliyetaka kutoka gazetini akitorosha urithi wa taifa. Mkurugenzi akaketi, akadai fomu ya kibali, akasaini. Hedwiga aliiweka sahihi kando ya kitambulisho, akaikagua kwa miwani, kisha bila miwani.

"Inatetemeka," alisema. Alimwonea huruma kweli, lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

"Basi kanuni ifutwe! Sasa hivi!"

"Hufutwa kwa ombi la waogaji, Mheshimiwa, madole yakiwekwa mbele ya Mkurugenzi." Akatoa karatasi na kidau cha wino mfukoni mwa aproni. "Na leo Mkurugenzi hayuko mkutanoni."

Foleni ikapangwa. Ilikuwa foleni ya watu wenye malezi, hivyo kila mmoja alimjulia hali mgonjwa wa benchini na nyumba yake kabla ya kugusa wino. Mchungaji Hénock alimwombea, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

"Bibi, fanya haraka," Mkurugenzi alimsihi Bibi Kudra.

"Nimekungoja siku sita, mwanangu. Nawe ningoje kidogo."

Dole la arobaini na moja lilipowekwa, ilibaki sahihi ya kupokea ombi. Mkurugenzi alishika kalamu, ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Akamtazama yule mama wa Morogoro.

"Shi-shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hedwiga akalishika dole gumba la Mkurugenzi kama la mtoto, akalichovya, akaligandamiza. Kanuni ya Tisa ikafa hapo hapo, sababu ya kulifunga bafu ikafa nayo, na Mkurugenzi akapata blanketi na chai ya tangawizi. Hedwiga hakuketi mpaka amalize kuijaza fomu, kwani fomu isiyokamilika hurudishwa.

Tangazo la Idara halipo tena getini. Mahali pake pana ile fomu, ndani ya kioo, na kila anayeingia kuoga huisoma kwanza. Jina: Octavian. Kazi: Mkurugenzi. Sababu ya kutumia dole gumba: hawezi kusaini.