Kijiti Changu na Mvuke Mwizi

Jumatatu, 13 Januari
Vita! Namukasa, jirani yangu Mganda, mpika pombe kama mimi, amemwambia Jude kwamba pombe yangu ikipungua, sufuria haivuji chini, inavuja mdomoni. Mdomoni mwangu! Jude anamwoza binti yake Jumamosi hapa mtaani kwetu Hai Cinema, na arusi zote za ukoo ule nimepika mimi. Nikaapa kwamba pombe ikichemka, mvuke ndio mnywaji. Jude akasema haya mzee, pima. Nikithibitisha, pombe ya arusi napika mimi. Nikishindwa, Namukasa. Nimechonga kijiti cha kupimia kina, nikakitia alama za upana wa kidole kwa kisu. Darasa la nne halikupotea bure!

Jumanne, 14 Januari
Nimechemsha maji ya kimea saa nzima, peke yangu. Sayansi haitaki kelele. Nilionja kidogo kujua kama utamu umefika. Umefika. Nikaonja tena, usije ukawa umeondoka. Kijiti kikasema: vidole vinne vimepungua! Nilicheza hadi kofia ikaanguka motoni. Nikakimbiza habari kwa Jude. Namukasa alikuwapo. Akaniomba kwa upole, babu huku babu kule, eti kesho nichemshe maji matupu mbele yao: sufuria ileile, moto uleule, saa nzima. Mjinga huyu! Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumatano, 15 Januari
Kidole kimoja.
Kimoja! Nimekigeuza kijiti juu chini, bado kimoja. Namukasa akauliza vile vitatu vingine vilikwenda wapi. Hakutazama juu kwenye mvuke, alitazama tumbo langu. Jude naye akalitazama. Nikawaeleza taratibu, kama watoto: mvuke una ulimi. Maji matupu unayalamba tu, kitu kitamu unakinywa. Jude alicheka hadi akakaa chini. Khalas, yamekwisha. Pombe kwa Namukasa. Mimi nimepewa kazi ya kupika chai ya wageni. Chai!

Jumamosi, 18 Januari
Arusi imefana. Pombe ya Namukasa nimeionja mara sita nikitafuta kasoro. Sijaipata, yamkini iko chini kabisa ndani ya mtungi. Lakini jikoni, ajabu! Maji ya chai yalipochemka matupu: kidole kimoja. Nikatia maziwa na sukari, nikabaki nayo peke yangu, nikaonja kidogo kidogo kwa heshima ya bibi arusi. Vidole vitano! Wageni wanadai chai, Jude ananitafuta, na mimi namtafuta Namukasa aje na macho yake aone. Nimeshinda!