Jinsi Nilivyompatia Baba Mdogo Udiwani

Jumatatu, 6 Julai

Nimejiteua meneja wa kampeni. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyekuwapo.

Mgombea ni baba mdogo Leonidasi Niyomwungere, mdogo wake marehemu baba. Zamani, kabla sijazaliwa, alishinda mbio za baiskeli za kutoka Kasulu mpaka Kibondo, milima yote ile, vumbi mpaka kwenye meno. Katika kata yetu ya Kitahana hakuna asiyelijua jina lake. Diwani wetu amejiuzulu akafuata kazi Dodoma, kiti kiko wazi, kura ni tarehe 18. Na mimi nina shahada ya siasa ambayo mpaka leo haijafanya kazi yoyote zaidi ya kuziba ufa ukutani.

Nadharia yangu ni fupi. Watu humfuata mshindi. Sera za nini? Jina linatosha.

Tatizo: wapinzani nao wamesimamisha jina. Nurudini, mshambuliaji wa zamani wa timu ya mkoa, aliyewafunga watu wa Dar kwa kichwa. Tatizo kubwa zaidi: meneja wake ni Zaitun, binti wa Khatibu mwenye duka la vifaa. Sekondari Zaitun alikuwa dada mkuu. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilichomshinda ni mbio za mita mia nane tu. Lakini nilimshinda!

Mama amesema baba mdogo akianguka, nakwenda Kasulu kuuza vitenge dukani kwa shangazi Kezia. Nauli ameshaitenga. Haitatumika.

Kauli mbiu nimeitunga kabla ya chai: WA KWANZA KUFIKA, WA KWANZA KUTUMIKIA.

Jumanne, 7 Julai

Ufunguzi wa kampeni. Ushindi mtupu!

Mpango ulikuwa hivi: kabla ya hotuba, mgombea ashindane kwa baiskeli na kijana mwenye kasi kuliko wote, kutoka zahanati hadi shuleni. Baba mdogo akatokea na kaptula yake ya mashindano, ile ya kubana. Mama alisema Yebabawe! akajifunika uso kwa khanga. Nilimweleza kwamba lile ni vazi la kihistoria. Akasema historia imenenepa.

Kijana anaitwa Nestori. Anaoa mwezi ujao. Mchumba wake alikaa mstari wa mbele na ukoo wao mzima. Baba mdogo alimwacha mbali, mpaka akapata nafasi ya kushuka, kunywa maji na kumsubiri mstarini amwone akija. Hilo la maji nilimwagiza mimi.

Umati ukanyamaza kabisa. Heshima! Hotuba ilipoanza ukoo wa Nestori ukaondoka, na ukoo wa mchumba ukafuata kumpa pole. Naamini wamekwenda kusambaza habari.

Baba mdogo hakufurahi. Alisema tumemwaibisha mtoto wa watu mbele ya wakwe. Nilimjibu kwamba uongozi ndivyo ulivyo.

Alhamisi, 9 Julai

Nimefunga kengele kubwa kwenye baiskeli ya mgombea. Agizo: kwenye mlima wa sokoni, kila anayesukuma mzigo apitwe kwa kengele. Waone kasi!

Wa kwanza kupitwa alikuwa mzee Felisiani, mwuza ndizi. Baiskeli yake haina breki. Akitaka kusimama, anakandamiza ndala yake kwenye tairi. Mzee alimwambia baba mdogo kwamba kama ana haraka hivyo ya kututumikia, ashuke amsaidie kusukuma.

Akashuka! Akasukuma! Mpaka juu!

Tulichelewa mkutano. Picha zote za leo zinaonyesha mkungu wa ndizi na nyuma yake kaptula. Nilimgombeza, kwa heshima. Alisema mzee alikuwa anahema.

Alasiri Zaitun alisema kwenye spika kwamba mbio za Leonidasi zinaeleweka, alijifunzia kwenye kuvuka mpaka kutoka Burundi. Nililia kwa hasira. Nikaandika majibu marefu, yenye sheria ya uraia na vifungu vyake. Baba mdogo hakuyangoja. Alisimama sokoni akasema siku ile alikuwa mgongoni kwa mama yake, amelala, kwa hiyo kama wanamtafuta mwenye mbio, wamsimamishe yule bibi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata mpiga ngoma wa Nurudini alicheka.

Majibu yangu hayakusomwa. Nafasi imepotea.

Zaidi ya hayo, bao la Nurudini linakua kila akilisimulia. Jumatatu alilifunga kutoka ndani ya boksi. Leo alikuwa karibu na katikati ya uwanja. Kwa kichwa!

Jumamosi, 11 Julai

Msiba!

Mzee Felisiani alikuja na mkungu wake kwenye karia, akasema mbele ya soko zima kwamba mlimani bingwa ni bingwa, ila hajamwona kwenye mteremko. Nilikubali kabla baba mdogo hajafungua mdomo. Mzee wa miaka sabini, na mzigo! Kazi rahisi kuliko hiyo ningeipata wapi?

Walianza sawa. Kwenye kona baba mdogo alishika breki, kama mtu yeyote mwenye akili. Felisiani naye alikanyaga tairi. Ndala ikakatika.

Alimpita baba mdogo. Akaupita mstari. Akaipita shule. Akaingia katikati ya mkutano wa Nurudini, bao likiwa bado hewani, akasimamishwa na spika. Ndizi zikawamwagikia viongozi wao mapajani.

Akainuka mzima, na ndala moja, akipiga kelele kwamba amemshinda Leonidasi! Amemshinda Leonidasi wa Baiskeli! Mkutano wote wa Nurudini ukamfuata kuja kwetu kuhakikisha kama ni kweli. Nilimkonyeza baba mdogo akanushe. Badala yake akaunyanyua mkono wa mzee na kusema ni kweli, amenishinda wazi. Kwenye kipaza sauti!

Wakawabeba wote wawili. Mzee ninamwelewa. Lakini aliyeshindwa anabebwa kwa lipi?

Mama amekunja vitenge vyangu viwili na kuviweka karibu na begi.

Jumapili, 12 Julai

Nimesoma tamko nje ya kanisa. Hoja: mashindano hayakuwa rasmi, na chombo cha mzee Felisiani hakikukidhi kanuni kwa kukosa breki. Mzee akanyoosha mkono, akaniita mwanangu Jeanne, akauliza kama kukosa breki siku hizi ni faida. Waumini walicheka. Padri alicheka.

Tangu asubuhi watu wanapita nyumbani. Wanasalimu, mwakeye, mwakeye, kisha kila mmoja anataka kushindana na baba mdogo. Mwalimu. Fundi cherehani. Mama mmoja wa kwaya ambaye hajapanda baiskeli tangu aolewe. Nimewafukuza kwa upole. Jina likishindwa mara mbili si jina tena.

Baba mdogo amewarudisha kwa mlango wa nyuma.

Jumanne, 14 Julai

Hali ni mbaya. Fundi cherehani ameshinda. Mwalimu ameshinda. Mama wa kwaya ameshinda, ingawa nusu ya njia alitembea. Baba mdogo anasema miguu imezeeka. Mwongo! Namwona anavyoshika breki.

Leo Nestori amerudi kudai marudiano, ukoo wote nyuma yake, na ukoo wa mchumba. Hapo nikachukua hatua. Wakati wanasalimiana, nilipita nyuma ya mti ilipoegeshwa baiskeli ya Nestori nikatoa upepo kidogo kwenye tairi la nyuma. Kidogo tu. Siasa ni sayansi.

Nikarudi mstarini nikiwa mtulivu. Nikakuta baba mdogo anamwambia Nestori kwamba haki ni wabadilishane baiskeli: kijana apande ile ya bingwa, yeye apande ya kijana.

Nilijaribu kupinga. Sikuweza kutaja sababu.

Nestori aliruka kama risasi. Baba mdogo alifika akiburuta tairi lililolala, jasho linatiririka, watoto wanampita wakikimbia kwa miguu. Na Nestori, kule mstarini, ameshashuka, anakunywa maji, anamsubiri! Mchumba alipiga vigelegele. Mama mkwe naye. Koo mbili zikacheza pamoja mpaka vumbi likawafunika, na baba mdogo katikati yao, anacheza vibaya sana.

Zaitun alikuwa pembeni. Aliniuliza mkakati huu nimeutoa wapi, maana mikutano yao sasa imebaki na watoto. Nilidhani ananikejeli. Nikamwambia ni siri ya ofisi.

Jumamosi, 18 Julai

TUMESHINDA!

Narudia kwa utulivu. Tumeshinda. Baba mdogo ni diwani. Nurudini amepata kura za mtaa wa Khatibu na chache za huruma.

Foleni ya leo ilikuwa na kelele kama harusi. Mzee Felisiani alikuwa mbele, kavaa ndala mpya, akimweleza kila mtu kwamba amepiga kura kwa akili: kumshinda mwendesha baiskeli ni jambo dogo, lakini kumshinda diwani! Hilo wajukuu watasimulia. Akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kumshinda Nurudini kwa lolote. Hakuna. Bao lake ni lake peke yake. Fundi cherehani akasema hata yeye amemshinda diwani. Mama wa kwaya akasema hata yeye, tena kwa miguu nusu.

Maneno ya wazee hayo. Mimi nimesoma. Ukweli ni kwamba wiki nzima walipita chini ya bango langu. Kauli mbiu huingia taratibu. Watu humfuata mshindi, na leo wamemfuata. Nadharia imethibitika!

Baba mdogo alinikumbatia akasema asante mwanangu, hasa kwa lile tairi. Sijui amejuaje.

Jumatatu, 20 Julai

Zaitun amekuja nyumbani na maandazi. Alinipongeza vizuri, akakiri kwamba nimemzidi, akasema baba yake amevutiwa na mimi na uchaguzi mkuu ujao wanaweza kuniunga mkono mimi mwenyewe. Mimi! Mgombea!

Nilimwambia twende kwanza mbio mpaka shuleni, kama zamani. Hakutaka, alikuwa na viatu virefu. Nikasisitiza. Nilimwacha mbali. Nilipata hata muda wa kunywa maji na kumsubiri mstarini. Alipofika aligeuka papo hapo akarudi nyumbani kwetu. Alichukua bakuli lake la maandazi, yakiwa bado mawili ndani, akaondoka. Labda alichoka.

Lakini moyo umewaka. Jina ninalo: mita mia nane, bingwa wa shule. Nimeanza bango jipya: JEANNE, HAJAWAHI KUPITWA.

Nimemsikia mama kwenye simu na shangazi Kezia. Amemshukuru, akasema uchaguzi tumeshinda, Mungu mkubwa. Kisha akashusha sauti akamwomba ile nafasi ya dukani asimpe mtu kwanza.

Hajui ninachokijua. Alfajiri kina mama wote wa Kitahana wanakwenda kuchota maji. Kesho nitakuwepo. Nitawashinda wote mpaka bombani.