Pini Tatu za Gazeti la Upupu

Gerishon Muigai,
Fundi wa Zipu, Miavuli na Mabegi,
Kando ya Tom Mboya Street, Nairobi.
(Nyumbani ni Riruta, lakini barua zikija huko mwenye ploti huzisoma kwanza.)

Alhamisi, asubuhi

Kwako Mhariri Mkuu wa Upupu, gazeti lisilomwogopa mtu,

MINTARAFU: HISTORIA YENU, PINI ZENU, NA KITI CHA MZEE OBUYA

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na mitambo yako. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umepata pancha.

Nijitambulishe kwanza, kwa sababu bango lenu la miaka 25 halikunitaja. Mimi ndiye msomaji wenu wa kwanza. Sijawahi kununua gazeti lenu hata moja, na hilo nalisema kifua mbele, maana kununua ni kitu mtu yeyote anaweza. Lakini kusoma miaka ishirini na mitano ukiwa umesimama, jua linakuchoma, mvua inakunyeshea, muuzaji anakuangalia vile muuzaji huangalia, hiyo ni kazi ya mtu mwenye msimamo.

Mimi pia si mtu wa kufichwa mambo. Nimetembea. Kampala nimefika mara mbili, Moshi mara moja, na uwanja wa ndege wa Dubai nimekaa saa kumi na tisa, kwa sababu kazi niliyoahidiwa ilichukuliwa na mwingine nikiwa bado angani. Shule niliacha kidato cha pili, ama tuseme kidato cha pili kiliniacha mimi. Kiswahili hiki unachokisoma nimejifunzia kwenye ukurasa wenu wa mbele, na ndiyo sababu nikikasirika naandika kwa herufi kubwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. HISTORIA YENU INA SHIMO. Jumatatu ya wiki jana mlibandika bango kwenye ukuta nyuma ya Mama Cate, muuza magazeti wetu. Limeandikwa "Upupu: Miaka 25 ya Kuwasha". Nimelisoma mara nne. Mnasema gazeti lilianzishwa na vijana wawili jasiri katika chumba kimoja River Road. Sawa. Lakini mbona hamkusema kwamba toleo la kwanza lilichapwa na mtu wa kadi za harusi, kwa kuwa wachapaji wengine wote waliogopa? Na kwamba huyo wa kadi hakujua jinsi ya kuondoa maua? Mimi nakumbuka. Kichwa cha habari kilikuwa "MHESHIMIWA, RUDISHA NG'OMBE WA SHULE", kando kando waridi, na juu njiwa wawili wanabusiana. Watu walipiga vigelegele. Walidhani mheshimiwa anaoa na ng'ombe ni wa mahari. Mama mmoja aliuliza kamati ya harusi inakutania wapi. Ni nani aliyepanda juu ya kreti ya soda, akasoma kwa sauti mpaka mwisho, akaeleza umati kwamba ng'ombe ameibwa na pilau hakuna? Ni mimi. Siku hiyo nakala zote ziliisha. Kwa hivyo vijana waanzilishi walikuwa watatu, na wa tatu alikuwa juu ya kreti.

2. USHINDANI MMEUSIMULIA VIBAYA. Mnasema mlilishinda gazeti la Mwungwana kwa "ubora wa uandishi". Tuheshimiane. Mwungwana lilipoingia sokoni lilikuwa likitoa kipande cha sabuni kwa kila nakala. Mmesahau? Watu walichukua sabuni wakaacha gazeti, na Mama Cate akafunga mandazi nalo mwaka mzima. Nyinyi mkajibu kwa kutoa kiberiti. Ati "cha kuchomea uongo". Kiberiti, kwenye rundo la karatasi! Waliowaokoa ni sisi wasomaji wa kusimama. Tulijipanga kila asubuhi, nyuso kwa Upupu na migongo kwa Mwungwana, kiasi kwamba mpita njia hangeweza kuliona gazeti lile hata akiinama. Mimi nina mgongo mpana, na mwaka huo niliutumia wote. Sijaona neno "mgongo" kwenye bango lenu.

3. Mwaka ule ofisi yenu ilipotiwa kufuli na watu ambao hata nyinyi wenye mdomo hamkuwataja, mlipotea wiki kumi na moja. Bango linasema "tulinyamaza". Nyinyi mlinyamaza. Sisi tulikuja kila siku tukasimama mbele ya pahali patupu, na nikawasomea wenzangu yale ya zamani kutoka kichwani. Wapita njia walidhani tunaomba. Kuna mmoja alitoa kofia.

4. Sasa nafika kwa PINI. Siku ile ile ya bango, gazeti lenyewe lilikuja limepigwa pini tatu: juu, kando na chini. Kiunoni limefungwa mkanda wa karatasi unaofunika kichwa cha habari, na mkanda umeandikwa "NUNUA UJUE". Mhariri, nilihisi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mke amebadilisha kufuli. Gazeti lililoapa kuwa adui wa siri limekuwa siri. Dubai, nchi ya watu wenye dhahabu mpaka kwenye meno, nilikuta magazeti yamelazwa wazi na hakuna aliyeyapiga pini. Wakati huo huo Mwungwana, kwa ujanja, sasa wanaanika nakala moja kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kila ukurasa peupe. Nililisoma kwa hasira. Habari kubwa ilikuwa maonyesho ya maua. Nilisinzia wima kama punda.

5. PINI ZIMENIFANYA NIWE MWANDISHI. Hapa usome polepole.

Ng'ambo ya barabara kuna jumba la Bwana Waithaka, na soja wake wa mlangoni ni Mzee Joash Obuya, miaka sitini na mmoja. Macho yake yameingia ukungu. Miguu imevimba, kwa kuwa zamu ni saa kumi na mbili na kiti hakuna. Bwana Waithaka husema soja akipewa kiti anageuka mgeni. Kila asubuhi, kabla ya kuingia zamu saa moja, mzee huvuka barabara na kuniambia, "Fundi, hebu nipe dunia." Nami humsomea.

Siku ya pini alivuka kama kawaida. "Fundi, hebu nipe dunia." Watu kumi wananitazama. Ningesema nini? Kwamba mimi Muigai sijui? Nilikazia macho ule mkanda kama mtu anayeona ndani, nikasema bei ya sukari imeshuka. Walicheka mpaka Mama Cate akaniambia, "Muigai, wacha kutukana watu asubuhi hivi."

Kesho yake, Jumanne, macho yangu yalianguka kwenye miguu ya mzee. Alikuwa amefungua kamba za viatu ili miguu itoshee. Nikakohoa. Nikasoma: "SHERIA MPYA: KILA SOJA APEWE KITI."

Mzee akauliza, "Chenye mgongo?"

Nikaangalia mkanda tena. "Chenye mgongo."

Mhariri, ungeuona uso ule hata wewe ungechapisha.

Jumatano wakataka maelezo zaidi, nikasema waliopita miaka hamsini kuna na mto wa kukalia. Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imefika mtaa wa Mountain View. Jumapili nasikia ilihubiriwa kanisani huko Kinoo. Jumatatu hii masoja wa barabara yetu waliunda kamati na kumchagua Mzee Obuya awe mwenyekiti, labda mwenyekiti wa kwanza nchi hii kukosa kiti.

6. Jana kamati ilimwendea Bwana Waithaka. Akawauliza, "Imeandikwa wapi?" Wakajibu kwa pamoja, "Kwa Upupu!" Naambiwa alimeza mate, maana hakuna mwenye jumba Nairobi asiyewaogopa. Lakini akajikaza. Akamwambia mzee, "Niletee hilo gazeti Jumamosi saa nne. Ukikosa, weka filimbi na rungu hapo mezani uende kwenu."

Mzee alikuja kwangu akitabasamu. "Fundi, nitafutie ile nakala. Wewe ndiye unajua ni ya siku gani." Hana wasiwasi hata kidogo. Wasiwasi wote ameniachia mimi. Jana jioni Wangeci, mke wangu, aliniuliza mbona nimebakisha mukimo sahanini. Mhariri, sijawahi kubakisha mukimo tangu nibatizwe.

7. KWA HIVYO KOSA NI LENU. Nimeulizia. Kuna wakili huja kwangu kurekebishiwa zipu ya mkoba, na nilimuuliza nikiwa nimeshika mkoba wake ili asikimbie. Nilimwambia hivi: kama gazeti lingekuwa wazi, ningesoma kilichomo. Halikuwa wazi, kwa hivyo ilibidi nisome kisichokuwemo. Aliyepiga pini ndiye aliyesababisha kisichokuwemo. Kwa hivyo habari ya viti ni mali ya Upupu, na mimi ni mwandishi wenu ambaye hajaajiriwa. Wakili alisema hajawahi kusikia hoja kama hiyo. Nikamshukuru.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya Jumamosi saa nne, chapisheni nakala MOJA tu ya Upupu yenye tarehe ya Jumanne ya wiki jana, na kichwa kiseme kila soja apewe kiti. Maneno yote nimewaandikia kwenye karatasi ya pili, hamna kazi ya kufikiria. Tafadhali msisahau "chenye mgongo". Mto mkiona ni mzito mnaweza kupunguza. Baada ya hapo ondoeni pini zote na ule mkanda, na mrekebishe bango lenu niingie kati ya waanzilishi. Picha ninayo, ila nimesimama.

Najua utasema Upupu halichapishi uongo. Mhariri, mliwahi kuandika kwamba barabara yetu ya Riruta itakamilika Desemba. Nilisoma kwa macho yangu. Je, niliwahi kuja hapo kuwauliza ni Desemba ya nani? Sikuja. Nilijua mmeandika kwa moyo mwema. Basi na mimi nilisoma kwa moyo mwema, na huyu mzee asifukuzwe kwa sababu ya wema wangu.

Mkikataa, Jumamosi nitavuka barabara mimi mwenyewe, nimwambie Bwana Waithaka kwamba niliitunga, na nimwambie hivyo mbele ya Mzee Obuya. Mdomo huu umeongea miaka mingi lakini sentensi hiyo sijui kama utaiweza.

Nisalimie wapiga chapa, madereva wa pikapu za alfajiri, yule mchoraji wa vikatuni (mwambie pua za waheshimiwa azidishe kidogo), na dada wa safu ya mapenzi, ambaye ushauri wake niliufuata mwaka fulani na Wangeci bado hajui. Msalimie mhasibu hata kama hanipendi. Ukikutana na mhariri wa Mwungwana msalimie pia. Mwambie mgongo wangu haukuwa na chuki naye.

Ni mimi niliyesimama nanyi tangu waridi na njiwa,

Gerishon Muigai

N.B. Ni saa kumi na moja jioni na bahasha bado sijaifunga. Mhariri, FUTA YOTE, kuanzia namba moja mpaka mwisho. Msitoe pini hata moja.

Saa tisa Bwana Waithaka alikuja mwenyewe kwa miguu na karani wake. Aliogopa kwamba habari ipo kweli na jina lake limo. Alinunua kila nakala ya Upupu iliyokuwa kwa Mama Cate, za leo na zile za wiki jana ambazo hazijarudishwa, zote. Mama Cate hajawahi kumaliza gazeti tangu siku ya ng'ombe. Alibaki ameshika kifua. Karani alikaa kwenye ngazi za jumba akifungua pini moja moja, akapekua mpaka matangazo ya vifo. Hakuona kitu. Sasa, mtu mwingine angefurahi. Bwana Waithaka alianza kutoa jasho. Akamuuliza Mzee Obuya, kwa sauti ya chini kabisa, "Mzee, wameificha wapi?" Na mzee, kwa macho yale yake ya ukungu, akamjibu, "Mimi sioni vizuri, bwana. Labda ni ya kesho."

Haikupita saa moja pikapu ikaleta viti sita. Vyote vina migongo. Kimoja kina mto.

Kwa hivyo ninakusihi: ongezeni pini ya nne, na mkanda uwe mpana zaidi. Kwenye historia msiniweke, watu wasije wakaanza kuniuliza mambo. Bwana Waithaka akikupigia simu kuuliza kama ni nyinyi, usiseme ndiyo wala hapana, kohoa tu. Ile karatasi ya pili ichome, kiberiti mnacho.

Mzee amekaa. Amevua viatu. Ameniita kutoka ng'ambo ya barabara mbele ya watu wote, "Fundi! Na kesho watasema nini?" Nimemwambia sina hakika, lakini nimesikia kuna habari ya makoti ya mvua.